Mama Sabuni na Tope la Bwawa la Chini

Wifi yangu huosha sabuni kabla ya kuitumia. Nikisema hivyo watu hudhani natia chumvi, na sikatai kwamba ulimi wangu una tabia hiyo, lakini hili nimeliona kwa macho yangu. Anachukua mche wa sabuni, anausuuza chini ya bomba, anaukagua upande huu na upande ule, ndipo anaanza kufua. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kama mke, kabla hata hajakaribishwa vizuri, alikuwa ameshafuta kioo cha dirisha la sebuleni kwa ncha ya mtandio wake. Mama akanitazama. Nami nikamtazama Mama. Nikajisemea kimoyomoyo, hapa tumepatikana.

Mimi ni fundi cherehani. Kiti changu kipo chumba cha mbele, pembeni ya dirisha, na hakuna anayeingia wala kutoka katika nyumba hii nisimwone. Ukiniita mbea sitakasirika. Mengi ya haya niliyaona nikiwa nimeketi hapo, na yale ya kiwandani niliyaona kwa sababu nilimsumbua wifi mpaka akachoka akanipeleka.

Mama yake mzazi alikuwa akifua nguo za watu. Utoto wake wote wifi aliupitisha kati ya karai na kamba ya kuanikia. Anasimulia kwamba mama yake alikuwa akichota maji kiganjani, akiyasugua kwa vidole, kisha anasema: haya yatatoa povu, au, haya yatanilia sabuni yangu bure. Mtoto akawa anauliza, mama, yana nini ndani? Mama hakuwa na jibu, ila hakumfokea, na ndiyo maana swali halikufa. Lilikwenda naye shule, likampeleka chuo cha ufundi, na mwisho likamfikisha kwenye maabara ya kiwanda cha karatasi kilichopo juu ya mto, apime maji machafu kabla hayajaachiwa yaende zake. Huko hakukuwa na chupa aliyoikuta safi kiasi cha kumridhisha. Wenzake wakampachika jina la Mama Sabuni. Yeye alilipenda jina hilo, tena alilipenda waziwazi.

Kaka yangu anafuga samaki. Ni mtu wa maneno machache, tofauti na mimi, na Mama husema yale yaliyopungua kwake niliyabeba mimi. Alikuwa na mabwawa mawili. La juu ni dogo, liko nyuma ya nyumba, linajazwa maji ya kisima. La chini ndilo kubwa, lililokuwa likipata maji ya mto kupitia mfereji aliouchimba mwenyewe kwa jembe na toroli kabla hata hajaoa. Tulikula kutokana na bwawa hilo. Bati lililo juu ya kichwa changu limetoka humo.

Kisha kiwanda kikapanuliwa, kikaanza kupika misonobari kwa wingi. Asubuhi moja samaki wa bwawa la chini walikutwa wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Jua lilipopanda walikuwa wamelala ubavu. Kaka alisimama kingoni, mikono imening'inia tu. Nilimwita aje anywe chai, hakugeuka. Sijawahi kumwonea mtu huruma namna ile.

Wifi alichota maji yale kwenye chupa akaenda nayo kazini. Aliporudi jioni hakuvua hata viatu, jambo ambalo kwake ni maajabu. Akakaa mezani mbele ya mumewe.

"Ni utomvu," alisema. "Msonobari hauna miguu ya kumkimbia mdudu, kwa hiyo unajilinda kwa utomvu. Ndani ya utomvu mna asidi zake. Sisi tukiupika mti, asidi zinatoka na maji. Wewe ukishika utomvu unaosha mikono, yamekwisha. Samaki unamwingia kwenye matamvua, anashindwa kupumua."

"Kwa hiyo kiwanda chenu ndicho kilichoua samaki wangu."

"Ndiyo."

Nilipenda kwamba hakuzungukazunguka. Kaka akasogeza kikombe.

"Basi acha kazi."

"Nikiacha, nani atayasafisha yale maji? Meneja? Mimi siachi, mume wangu. Nitakurudishia maji yako."

Mimi pale kwenye cherehani nilicheka kidogo, si kwa ubaya. Kusafisha mto mzima! Hata kwa Mama Sabuni niliona amejitwika mzigo.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Kwenye bwawa la juu kaka alikuwa amebakiza samaki wake wazazi, perege aliowachagua kizazi baada ya kizazi: anamtoa mlegevu, anambakiza mwenye afya. Hao ndio mbegu yake. Bwawa la chini likifa, mwenye wazazi anaweza kuanza upya. Wazazi wakifa, amebaki na mashimo mawili ya maji. Na kisima chetu kila kiangazi hupungua. Miaka ya nyuma kikipungua, kaka aliwahamishia wazazi bwawa la chini mpaka mvua inyeshe. Sasa angewahamishia wapi? Sote tulijua, hata Mama aliyekuwa hasikii vizuri alijua: ama maji ya mto yawe salama kabla kisima hakijakauka, ama kazi ya kaka ndiyo imefika mwisho. Na kaka hajui kazi nyingine, wala haitaki.

Wifi akajifunga kibwebwe. Kiwandani kulikuwa na injinia wa maji, kijana mwembamba mwenye tabia ya kutafuna kalamu mpaka wino unamtoka kwenye midomo. Injinia huyo alikuwa mtu mzuri, hakuwa na majivuno ya shule yake. Wawili hao walijifungia wakasoma, wakapima, wakabishana, na walichotoka nacho ni mkaa.

"Mkaa?" nilimuuliza wifi. "Huu wa jikoni?"

"Si huo. Huu ni wa punje, umechomwa na kupitishiwa mvuke mkali mpaka umetobokatoboka ndani. Vitundu vyake huvioni kwa macho. Na utomvu haupendi maji, wifi. Ukipata pa kushika, unashika. Masizi yanavyoshika sufuria unayajua?"

Nayajua. Kwetu hayakai.

Walianza na bomba moja la plastiki, refu kama mtu, wakalijaza mkaa na kulifunga nyuma ya mlango wa chumba cha pampu. Maji ya kiwanda yaliingia juu, yakatoka chini tone kwa tone kwenye ndoo. Yalipopimwa, utomvu haukuonekana. Meneja, baada ya kuzungushwa na Injinia na kuandamwa na wifi, akakubali tangi moja kubwa kuliko nyumba yetu, maji yote machafu ya kiwanda yapitie humo kabla ya kwenda mtoni. Akasema mkaa atanunua mara moja tu. Ukiharibika, basi, asisumbuliwe tena.

Kaka alitoa samaki wadogo wa kujaribia. Aliwabeba kwa ndoo mpaka getini, akampa mkewe ndoo kupitia kwenye vyuma vya geti, akageuka. Alikuwa amekula kiapo kwamba mguu wake hautakanyaga mle ndani. Wifi akawatia kwenye pipa lililojazwa maji yanayotoka kwenye tangi. Wakaogelea. Kesho yake wakaogelea. Wakala, wakanenepa. Wifi alirudi nyumbani akiimba, na sauti yake, Mungu anisamehe, ni mbaya sana, lakini siku hizo hata mimi niliitikia.

Kaka akaanza kwenda kuutazama mfereji wake. Alichukua jembe akang'oa majani yaliyouziba.

Ndipo utelezi ulipoanza. Siku niliyopelekwa kuliona tangi, wifi alifunua kifuniko na uso ukamkunjamana. Juu ya mkaa kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mzito, wenye kunuka kama maji ya vyombo yaliyosahauliwa. Alitia kidole akautoa. Ukavutika.

"Uchafu gani huu kwenye chujio langu?" alisema. Nilijua pale pale kwamba utelezi ule hauna maisha.

Na kwenye kiwanda cha karatasi dawa ya kung'arishia ipo tele. Ndiyo inayoifanya rojo ya miti iwe nyeupe kabla haijawa karatasi. Wifi aliomba bomba moja la dawa hiyo livutwe mpaka kwenye tangi. Injinia aliona ni sawa, kwani nani asiyejua kwamba chujio likichafuka husafishwa? Wakauloweka mkaa kwenye dawa, wakausuuza, ukarudi mweusi, safi, kila punje peke yake. Utelezi ulipojaribu kurudi, wakaosha tena. Kila ulipotia pua, Mama Sabuni alikuwa anausubiri. Nadhani hakuwahi kuwa na furaha kazini kama kipindi kile.

Kiangazi kilipokolea, samaki wa kwenye pipa walilala ubavu.

Kaka aliitwa getini, akakabidhiwa ndoo ile ile. Alirudi nayo nyumbani, akaiweka chini ya dirisha langu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mimi damu ikanichemka. Wifi alipoingia, nilimtolea uvivu.

"Haya, umeosha, umeosha, umeosha. Sasa umeosha nini? Kisima kinatoa maji ya matope. Kaka yangu hali chakula. Ungemwambia tangu mwanzo kwamba hujui, tukajua moja."

Hakunijibu kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

"Sijamaliza, wifi," alisema.

"Umebakiza nini?"

"Sijui. Ila sijamaliza."

Alichokuwa anajua ni kwamba mkaa umejaa. Vitundu vyote vimeshikwa na utomvu, hapana nafasi tena, na maji yanapita juu kwa juu na sumu yake. Mkaa mpya hakuna. Basi akakumbuka lile bomba la majaribio nyuma ya mlango wa chumba cha pampu. Lilikuwa limesahauliwa pale, maji bado yanaingia, bado yanadondoka. Angalau, aliwaza, nichukue mkaa wake kidogo nilinganishe na huu wa tangi. Alipolifungua juu, alijiziba pua. Lilikuwa na utelezi mzito kama uji, umeshuka mpaka chini. Halikuwa limeoshwa hata siku moja.

Mkono wake ulikwenda kwenye dawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alinionyesha hata namna alivyoushika ule mpira wa dawa. Ila ana mazoea mengine yenye nguvu kama hayo ya kuosha: hamwagi maji kabla hajayapima. Akachukua chupa, akakinga matone ya bomba lile, akaenda kuyapima.

Utomvu haukuwamo.

Akapima tena, akidhani amekosea chupa. Haukuwamo. Bomba lilikuwa kuukuu kuliko tangi, limepokea maji yale yale machafu muda mrefu zaidi, lilipaswa kuwa limejaa zamani. Akamwita Injinia. Injinia akapima yeye naye, kalamu ikamdondoka mdomoni. Wakachukua tone la ule utelezi wakaliweka chini ya hadubini, wakapokezana kuchungulia kama watoto.

"Umejaa vijidudu," Injinia alisema. "Hivi ndivyo vinavyoula utomvu."

Baadaye wifi alinieleza ukumbini kwetu akitumia bakuli na punje za maharage, maana mimi bila kuona sielewi. Mkaa unaushika utomvu na kuutuliza mahali pamoja. Vijidudu vinaufuata pale pale uliposhikwa, vinautafuna polepole na kuugeuza, sumu inakuwa si sumu tena. Vikishakula, nafasi inabaki wazi, mkaa unashika mwingine. Mkaa peke yake hujaa. Vijidudu peke yake maji huvisomba kabla havijashiba. Vikikaa pamoja, kazi inaendelea.

"Na mimi," alisema, maharage yakiwa bado mkononi, "nilikuwa nikiviua. Kila vilipoanza kuzaliana, naviua. Nikifurahi."

Akalia. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia. Nilitaka kumwambia kwamba yale maneno yangu ya juzi nimeyameza, lakini nikamsogezea tu kile kitambaa nilichokuwa nakishona ajifute. Alijifuta, akakitazama, akasema kina uzi umetoka pembeni. Nikajua atapona.

Ila kujua si kupona. Utelezi wa kwenye bomba ulikuwa wa kujaza kikombe, na tangi ni kubwa kuliko nyumba. Kuusubiri uzaliane wenyewe mpaka utoshe kungechukua muda ambao kisima hakikuwa nao. Tayari ndoo ya kisima ilikuwa inagonga chini. Wifi alitembea na swali hilo siku nzima, akaja nalo mpaka kwenye karai la vyombo. Mahali gani pengine utomvu umekaa muda mrefu, umetulia, usiguswe na dawa? Alikuwa ameshika sahani. Dirisha la jikoni linatazama bondeni, na bondeni ndiko liliko bwawa la chini.

Sahani ikabaki mkononi mwake, inachuruzika.

Kaka tangu siku ile ya msiba, alipoufunga mfereji na maji yakakauka, hakuwahi kulikaribia bwawa lile. Majani yalikuwa yameota kingo zote. Wifi alimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa amekaa na Mama, nami nikamfuata wifi, nikijifanya naenda kuanua nguo.

"Mume wangu, nataka tope la bwawa la chini."

Kaka aliinua macho. "La nini?"

"Nikalitie kwenye tangi."

"Kwenye chujio? Wewe?"

Mama, aliyesikia nusu, aliuliza kwa sauti, "Anataka nini?"

"Matope, Mama!" nilimpigia kelele.

"Mkwe wangu? Haumwi kweli?"

Hata Mama alipomaliza kucheka, kaka hakucheka. Alisema, "Lile bwawa ni kaburi. Sitaki lichokonolewe."

Wifi akachuchumaa mbele yake, chini kabisa, gauni likagusa mavumbi na asilikung'ute.

"Nisikilize. Utomvu wote ulioingia mle ulizama ukakaa kwenye tope. Samaki wako walikufa. Lakini kuna kitu mle kilichojifunza kuula, na kimekuwa kikiula muda wote huu. Kipo hai. Nilikuwa nacho kiwandani nikakiua kwa mikono yangu kwa sababu niliona ni uchafu. Wewe unacho kwenye bwawa lako, tena tele. Nipe hicho. Nikishindwa safari hii, nitaacha kazi kama ulivyosema, na sitakuomba kitu tena."

Nilihesabu nguo zile zile kwenye kamba mara mbili. Kisha kaka akainuka, akaenda pembeni ya banda, akarudi na jembe na toroli.

"Tope la juu limekauka," alisema. "Unalotaka liko chini. Vua viatu."

Nilimwona Mama Sabuni akiingia kwenye tope mpaka magotini. Niliita majirani? Hapana, lakini nilitamani. Wakachimba bega kwa bega, tope jeusi linanuka mpaka nikafunga dirisha la jikoni. Lilikuwa na kokoto, mizizi na vipande vya makombe, likahitaji kuchujwa. Wifi akaja ndani na miguu yake ile, akasimama katikati ya sebule, akatazama mapazia yake. Mapazia meupe, aliyoyafua kila wiki tangu aolewe, ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuyashika kabla sijanawa. Akayashusha.

"Nishonee mifuko, wifi. Mikubwa. Shona mara mbili pembeni."

Sikuuliza. Nimeshona magauni ya maharusi, lakini sijawahi kukanyaga cherehani kwa moyo kama ule.

Lile tope ndilo lililomwingiza kaka kiwandani. Toroli la kwanza alitaka kuliachia getini kama kawaida yake, lakini mlinzi alipoona mzigo akakataa kulishika, akisema litamnukisha nguo. Kaka akamtazama mkewe, akamtazama mlinzi, akasukuma toroli akaingia. Injinia alimpokea kwa kunyoosha mkono, na kaka akampa wake wenye tope. Wakalichuja kwenye mapazia, wakalikoroga na maji, wakalimimina juu ya mkaa polepole. Wakarudia kutwa nzima, na kesho yake tena.

Maji yaliyotoka mwanzo yalikuwa machafu kuliko yaliyoingia. Meneja alipita, akashika pua, akasema huu sasa ni utani. Injinia akamfuata ofisini akamwomba muda, akaupata kidogo. Fundi mmoja wa pampu, kwa nia njema kabisa, alileta mpira wa maji aoshe ukingo wa tangi. Wifi alimzuia kwa mwili wake.

"Asiguse mtu! Tone la dawa lisikaribie hapa!"

"Mama Sabuni, lakini linanuka."

"Acha linuke!"

Neno hilo lilizunguka kiwanda kizima kabla ya chakula cha mchana.

Alikuwa akirudi nyumbani ananuka, anaoga, anakwenda tena kuchungulia kisima. Utando ulianza kuonekana juu ya mkaa, kwanza mwembamba, kisha mzito. Alikuwa akiutazama, vidole vinamwasha, anaiweka mikono nyuma. Maji yakaanza kutulia. Akapima: utomvu umepungua. Akapima: umepungua zaidi. Halafu ikafika siku ambayo haukuonekana. Kaka akaleta samaki wadogo aliobakiza, akawatia kwenye pipa kwa mkono wake, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kuwaangalia. Waliishi.

Hakukuwa na muda wa kusherehekea. Ndoo ya kisima ilipanda na mchanga mtupu. Bwawa la chini, lililochimbwa tope lake, lilikuwa limepigwa na jua mpaka limepasuka. Kaka aliufungua mfereji, maji ya mto yakaingia yakilamba nyufa. Yalipojaa, tuliwahamisha wazazi kwa vyandarua na ndoo, mimi nikiwa mmoja wa wabebaji, na naomba ijulikane kwamba nilichafuka. Kila mmoja alipoachiwa majini, kaka aliusindikiza kwa macho mkia wake mpaka ukapotea.

Hawakufa. Siku zikapita, hawakufa. Lakini kaka hakutabasamu. Niliona hiyo ni roho ngumu, nikamwambia.

"Samaki mkubwa anavumilia mengi," alinijibu. "Kipimo ni watoto."

Nilikabidhiwa kazi ya kuwapa chakula asubuhi, maana wote wawili walikuwa wakihangaika kwingine. Mimi samaki namjua akiwa kwenye sahani. Asubuhi moja nilitupa chakula, wote wakaja mbio, isipokuwa jike mmoja. Alisimama pembeni kwenye kivuli, mashavu yamevimba, mdomo ameubana. Nikamtupia karibu kabisa. Hakugusa. Kesho yake, hivyo hivyo. Nilipanda kilima nikiita, nikamkuta wifi mlangoni anakwenda kazini na viatu vyake vilivyong'arishwa.

"Mmoja ameacha kula, wifi. Amevimba mashavu."

Alishuka mbio mpaka kingoni. Kaka alikuwa ameshasikia kelele zangu, akaja akachuchumaa, akamtafuta jike yule kwa macho, akampata.

"Anaumwa?" wifi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Haumwi. Ana mayai mdomoni. Perege ndivyo anavyolea."

"Yatakuwa hai?"

"Hilo ndilo sijui," kaka alisema. "Tungoje."

Tukangoja. Wifi alipita pale kila asubuhi na kila jioni, anatazama mashavu yale, anaondoka. Jike alikonda, hakula hata punje. Nilijikuta namwombea samaki, mimi.

Siku ilipofika tulikuwepo sote, hata Mama alikuwa ameletewa kiti. Jike alisogea kwenye maji ya kina kifupi, kwenye jua, akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama kivumbi. Kivumbi kikatawanyika, nikaona kina macho. Vilikuwa vitoto, vingi, vinatikisa mikia. Wifi aliinama kutazama vizuri, kivuli chake kikaanguka majini, na vyote vikarudi mbio mdomoni mwa mama yao, mdomo ukafungwa.

"Vina nguvu," kaka alisema. "Umeona vilivyokimbia?" Alijipangusa uso kwa mkono wenye tope, akajipaka zaidi. Kisha akamgeukia mkewe. "Umeyarudisha maji yangu."

Wifi alikuwa amekaa chini, palepale kwenye matope ya ukingo, na sare yake ya kazi.

Tuliporudi nyumbani alitangulia kuingia. Nyayo zake zikaandikika kwenye sakafu ile inayong'aa, kuanzia mlangoni, zikapita chini ya madirisha yasiyo na mapazia, mpaka jikoni. Nyuma yake kaka naye akaingia na zake, kubwa. Niliinama kuchukua tambara, maana namjua mwenye nyumba.

"Acha, wifi," aliniambia kutoka jikoni. "Yaache hayo matope kwanza."